Msarifu wa Manowari

MSARIFU WA MANOWARI, katika Jeshi la Majini la Uingereza, alikuwa afisa aliyekabidhiwa masurufu yote ya chombo, tangu biskuti na nyama ya chumvi hata mishumaa, kuni, tumbaku na nguo za mabaharia. Aghalabu alianza akiwa karani wa nahodha, akahitimu katika daftari na hesabu, ndipo akapewa hati ya usarifu. Lakini ilimlazimu kwanza kuweka dhamana ya mamia ya pauni, ilhali mshahara wake ulikuwa haba, akitarajiwa kujipatia riziki kwa faida ya bidhaa alizowauzia watu wa chombo. Hapo ndipo palipokuwa na asili ya fitina, kwani mtu yule yule alifanywa amini wa serikali na mchuuzi pia.

Baharia wa karne ya 18 alistahiki kila juma ratili 7 za biskuti, ratili 4 za nyama ya ng'ombe, ratili 2 za nguruwe, wakia 6 za siagi na wakia 12 za jibini, na bia galoni moja kwa siku. Ratili ya sokoni ilikuwa wakia 16. Ya msarifu wakia 14. Hizo wakia 2 aliruhusiwa kuzizuia ziwe fidia yake, maana biskuti husagika magunia yakisukwasukwa na mawimbi, jibini huoza, mapipa huvuja ngamani, na hasara asiyoweza kuithibitisha ilimwangukia mwenyewe. Baharia aliyeitazama mizani hakuyajua hayo. Alijua kwamba amepunjwa. Wezi walikuwapo, naam, lakini si insafu kuwahukumu wasarifu wote pasipo kuihukumu kanuni iliyowaweka njia panda. Na Samuel Pepys, aliyepewa usimamizi wa chakula cha jeshi hilo mwaka 1665, alikwisha kuliandikia jambo hilo waraka.

Aprili 1797 mabaharia wa Spithead walikataa kung'oa nanga, wakadai nyongeza ya mshahara, na pamoja nayo ratili kamili ya wakia 16. Wakapewa.

Katika karne ya 19 usarifu uliacha kuwa biashara, ukawa utumishi. Mwaka 1852 cheo kikaitwa mlipaji mishahara, na mwaka 1944 idara nzima ikawa ya ugavi na ukatibu. Jina la kale, hata hivyo, halikufa: mabaharia wa Uingereza hadi leo hulitumia kwa kila kitu kitokacho ghala la jeshi.