Ukimya wa Kuja na Kuondoka

Fundi yeyote atakuambia kwamba anapenda kuletewa chombo kilichokufa kabisa. Redio isiyolia hata kidogo ina sababu yake, na sababu hiyo inangoja pale pale ilipo mpaka ipatikane. Kazi ngumu ni ile redio inayonyamaza nyumbani kwa mwenyewe, kisha ikifikishwa mezani kwa fundi inaimba vizuri. Ugonjwa wa namna hiyo ni kama homa ya vipindi: mgonjwa hufika zahanati akiwa mzima.

Nimeishi na ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka ishirini katika kompyuta zinazotumia Linux, hasa upande wa sauti. Leo kadi ya sauti inafanya kazi, kesho iko kimya, keshokutwa inafanya kazi tena bila mtu kuigusa. Wengi waliolionja jambo hili walihukumu upesi kwamba kadi ni mbovu, au kwamba Linux ni mchezo wa wanafunzi wenye muda wa kupoteza. Mimi nimefikia uamuzi mwingine, nao hauwezi kuaminika bila historia kidogo. Mara nyingi kadi ilikuwa nzima na programu ilikuwa nzima, lakini palikuwa na wawili wanaodai njia moja. Mafundi walipoumaliza ugomvi huo mahali pamoja, ulihamia mahali pengine.

Tuanze na njia zenyewe. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, iliiwekea kile ninachoweza kukiita kengele nane. Kifaa kikitaka kuhudumiwa, hugonga kengele yake, na kompyuta huacha kwa muda kazi iliyonayo ili imsikilize mgongaji. Saa ya ndani ilikuwa na kengele yake, kibodi yake, disketi yake, na printa ya kwanza ilipewa namba 7. Mwaka 1984 kengele ziliongezwa zikafika kumi na tano zinazotumika, lakini wadai nao waliongezeka. Sheria ilikuwa ngumu: kengele moja, mwenyewe mmoja.

Waliosanifu mashine hiyo hawakuwa na habari ya kadi ya sauti. Kompyuta ilikuwa na kispika kidogo cha kulia "pii" basi. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilileta kadi ya muziki. Na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, aliyoianzisha Sim Wong Hoo na mwenzake mwaka 1981, ilitoa Sound Blaster. Kadi hiyo ilipendwa mno hata karibu kila mtengenezaji mwingine akaiiga, mpaka namba zake. Kwa desturi ilikaa kwenye kengele namba 7 au namba 5. Mtu alichagua kwa kuvika kikofia kidogo cha plastiki juu ya vipini viwili vya shaba, na kama alinunua kadi bila kijitabu chake, alichagua kwa kubahatisha.

Linux yenyewe ilitangazwa mwezi Agosti 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyekuwa na umri wa miaka 21. Mwaka uliofuata Mfini mwenzake, Hannu Savolainen, aliandika draiva ya kwanza ya Sound Blaster kwa ajili ya Linux, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kusema na kadi. (Draiva na dereva ni neno moja lililotufikia kwa milango miwili.) Katika miaka hiyo ya mwanzo Torvalds alijirekodi akieleza kwa sauti yake jinsi anavyolitamka jina Linux, na wengi wetu tuliitumia rekodi hiyo kujaribia kadi zetu. Waingereza na Wamarekani walikuwa wakibishana juu ya matamshi. Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji msaada huo: ukilisoma kama lilivyoandikwa, umeshakaribia alivyolitamka mwenyewe.

Sasa nieleze kilichonifanya niyafuatilie mambo haya kwa bidii. Mwaka 1983 baba mdogo alimnasa bibi yetu kwenye kanda akieleza habari za ukoo, pamoja na mipaka ya shamba la minazi lililokuwa likilimwa na matawi mawili ya familia. Bibi alifariki muda si mrefu baadaye. Ilipofika mwaka 1999 watoto wa matawi hayo walikuwa wameanza kubishana, bado kwa adabu, lakini adabu ya aina ile inayotangulia wakili. Kanda ilikuwa ya dakika tisini, na kanda za dakika tisini ni nyembamba kuliko za sitini. Ilikuwa ikivutika, na unga wa kahawia ulibaki kwenye kichwa cha redio kila ilipochezwa. Niliamua kuihamishia kwenye kompyuta kabla haijakatika.

Kompyuta niliyoweza kuipata ilikuwa ya ofisi moja pale Dar es Salaam. Ilitumia Linux, ilikuwa na kadi moja ya kuiga Sound Blaster, na niliruhusiwa kuitumia baada ya saa za kazi. Jioni ya kwanza kadi ilifanya kazi vizuri kabisa. Jioni ya pili mashine ikajibu kwamba kifaa hicho hakipo. Ya tatu kipo. Jambo la ajabu ni kwamba hapakuwa na mwingine aliyelalamika. Kila mtu pale aliiona kompyuta ile kuwa nzima.

Nilinunua daftari. Kila jioni niliandika tarehe, saa, kama sauti ipo au haipo, na nani aliitumia mashine kabla yangu na kwa kazi gani. Baada ya majuma mawili niliona kwamba jioni zote za ukimya zilitanguliwa na mtu aliyechapa barua tangu mashine iwashwe. Hapo ndipo nilipofungua faili ambalo Linux hulitunza kwa wakati wote, /proc/interrupts, linaloonyesha nani ameshika kengele ipi. Namba 7 ilikuwa imeshikwa na mlango wa printa. Kadi yangu nayo ilikuwa imewekwa namba 7.

Mtindo wa Linux ya wakati huo, toleo la 2.2, ulikuwa kuiita draiva pale tu kazi yake inapotakiwa. Aliyeitwa kwanza ndiye aliyeipata kengele. Nikiitangulia printa, kadi ilifanya kazi. Nayo printa, ikikuta kengele imechukuliwa, haikukata tamaa. Draiva yake ilikuwa na njia ya akiba: badala ya kungoja kengele, ilienda yenyewe mara kwa mara kuuliza kama printa iko tayari. Uchapaji ulichelewa kidogo tu, na hakuna aliyegundua. Kadi ya sauti haikuwa na akiba ya namna hiyo. Ikichelewa, ilikosa. Ndiyo maana mlalamikaji alikuwa mmoja tu, na mlalamikaji mmoja haaminiwi kwa urahisi.

Dawa ilichukua dakika kumi. Kengele namba 5 ilikuwa haina mtu. Nikafungua kasha, nikahamisha kikofia, nikabadili namba katika faili la mipangilio. Tangu jioni hiyo kadi haikutoweka tena.

Walakini nilipoisikiliza rekodi, nilikuta maneno yanaruka. Bibi anasema, kisha sentensi inakatwa nusu na kuendelea mbele, kama mtu aliyefumba macho akiwa anatembea. Hapa pana hesabu ambayo inafaa kuijua. Nilikuwa nikinasa kwa ubora wa diski za muziki: vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja baiti 2, kwa njia mbili za sauti. Jumla ni baiti 176,400 kila sekunde. Ghala ambalo draiva ilitumia kupokelea sauti kabla ya kuipeleka kwenye diski lilikuwa na nafasi ya baiti 65,536. Ghala hilo hujaa kwa muda unaozidi kidogo theluthi moja ya sekunde. Diski ikishughulika na mtu mwingine kwa muda mrefu kuliko huo, sauti inayoingia haina pa kukaa, nayo hutupwa. Tena hutupwa kimya kimya, bila onyo lolote. Na diski ile ilikuwa ikitumiwa na ofisi nzima. Wachache waliobaki jioni walikuwa wakichota mafaili yao humo.

Maneno ya mzee hayana haja ya njia mbili za sauti. Nilipunguza vipimo vikawa 22,050 kwa njia moja, yaani baiti 44,100 kwa sekunde, na ghala lile lile likatosha kwa karibu sekunde moja na nusu. Mruko ukakoma. Lakini ilibidi kanda ichezwe tena kutoka mwanzo, na sehemu moja iliyopotea ilikuwa ndiyo hasa tuliyoitaka: "mpaka unakwenda hadi kwenye", kisha pengo. Katika mzunguko wa pili kanda ilitetemeka, sauti ikawa nzito, ila neno lilitoka. Lilikuwa "mbuyu". Wazee walijua mbuyu upi. Ugomvi haukuisha siku ile, lakini angalau watu walienda shambani pamoja.

Sikusema kwamba mambo ya kengele yalikuwa ndiyo mwisho. Kadi zilipohamia kwenye milango mipya inayoruhusu kengele moja kutumiwa na wengi, ugomvi ulipanda ngazi moja juu, ukawa wa programu. Katika mfumo wa Savolainen, ulioitwa OSS, kwa kadi nyingi za kawaida programu moja tu ndiyo iliyoweza kuishika kadi kwa wakati mmoja. Ukiacha kicheza muziki wazi, kila kingine kilikuwa bubu. Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech alianzisha mradi wa ALSA mwaka 1998, ukaingizwa rasmi katika Linux 2.6 mwezi Desemba 2003. ALSA ilikuwa bora, ingawa ilikuwa na tabia ya kuanza ikiwa imefunga sauti zote. Wangapi walibadilisha spika bure, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha ikaja PulseAudio ya Lennart Poettering, iliyoanza mwaka 2004 na kuwekwa kama kawaida katika Fedora 8 mwezi Novemba 2007 na Ubuntu 8.04 mwezi Aprili 2008. Hiyo ilisimama mlangoni kama msimamizi, ikachanganya sauti za programu zote. Matusi aliyoyapata Poettering yalizidi kiasi. Mwaka 2008 PulseAudio iliacha kutegemea kengele za kadi kila mara, ikaanza kutumia saa ya kompyuta na kuiuliza kadi: umefika wapi? Kadi na draiva kadhaa zilijibu uongo, na sauti ikakatika-katika. Uongo huo ulikuwapo siku zote. Ni vile tu hapakuwa na aliyewahi kuuliza. Kuandika tsched=0 katika mipangilio kulirudisha desturi ya zamani, na wengi tulifanya hivyo.

Siku hizi mashine moja huwa na kadi mbili za sauti, ya spika na ile ya waya wa televisheni, na inayoamka kwanza ndiyo hupewa namba 0. Ikiwa asubuhi sauti ipo na jioni baada ya kuwasha upya haipo, tazama kwanza faili /proc/asound/cards uone kama namba zimebadilishana.

Halafu kuna usingizi. Kadi za aina iliyoainishwa na Intel mwaka 2004 hulazwa na draiva zikikaa bure kwa muda, ili kuokoa umeme, na zikiamshwa zinaweza kumeza silabi ya kwanza. Faili la bibi huanza na "Bismillahi", na kwenye kompyuta yangu ya sasa nilisikia "millahi". Rekodi ilikuwa salama. Niliandika 0 katika power_save ya draiva, lakini silabi iliendelea kumezwa mara moja moja, kwa sababu sasa kuna mlazaji wa pili: kwenye mfumo wa PipeWire wa Wim Taymans, uliowekwa kama kawaida katika Fedora 34 mwezi Aprili 2021, programu ya WirePlumber nayo huifunga kadi ikikaa bure sekunde 5. Wawili tena, kila mmoja na haki yake. Nimeandika 0 huko pia, na tarehe nimeiweka kwenye daftari.