Ufunguo wa Gari na Dereva Mtoto: Dhima ya Mmiliki katika Sheria ya India

Kosa la kuendesha gari kwa hatari hupimwa kwa kipimo cha dereva mwangalifu. Umri wa mshtakiwa haubadilishi kipimo hicho. Huja kuuliziwa baadaye, pale inapoamuliwa asikilizwe wapi na aadhibiwe vipi. Nchini India suala hilo limezua mvutano mkali.

Alfajiri ya 19 Mei 2024, mjini Pune, gari aina ya Porsche liligonga pikipiki na kuua wahandisi wawili wa miaka 24. Aliyetuhumiwa kuliendesha alikuwa na miaka 17. Siku hiyohiyo bodi ya haki za watoto ilimpa dhamana, na mojawapo ya masharti yake ilikuwa kuandika insha ya maneno 300 kuhusu ajali. Umma ulichachamaa. Siku tatu baadaye bodi ikabadili amri na kumpeleka kijana kwenye makao ya uangalizi, hadi Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamuru tarehe 25 Juni aachiwe.

Tangu hapo imevuma hoja kwamba aliyeweza kuua ahukumiwe kama mtu mzima. Ni hoja ya hasira zaidi kuliko ya sheria. Sheria ya Haki za Watoto ya 2015 huruhusu hivyo kwa wenye miaka 16 hadi 18, lakini kwa makosa ambayo adhabu yake ya chini kabisa ni kifungo cha miaka saba au zaidi. Januari 2020, katika shauri la kijana wa Delhi aliyedaiwa kuua mtu kwa Mercedes, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba mauaji yasiyofikia kuua kwa kukusudia hayamo humo, kwa kuwa hayakuwekewa adhabu ya chini. Na hata ingeruhusiwa, kitisho cha jela hakimfikii kijana aliyezungukwa na wenzake garini. Watafiti Gardner na Steinberg walionyesha mwaka 2005, kwa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, kwamba mbele ya rika vijana hujihatarisha zaidi kuliko wanapocheza peke yao, na kwamba kwa watu wazima tofauti hiyo ni ndogo.

Anayestahili kutishwa ni aliyeacha ufunguo. Kifungu cha 199A, kilichoingizwa mwaka 2019 katika Sheria ya Vyombo vya Moto, kinamhesabu mlezi au mmiliki kuwa na hatia mtoto anapotenda kosa barabarani: kifungo hadi miaka mitatu, faini ya rupia 25,000, na usajili wa gari kufutwa kwa miezi 12. Mtoto mwenyewe hapati leseni hadi atimize miaka 25. Kwenye karatasi, kifungu hiki ni kikali. Lakini Porsche ya Pune, kama ilivyoripotiwa, haikuwa imekamilisha usajili, kwa sababu ya ada ya rupia 1,758 ambayo haikulipwa. Sheria ilikuwa imeandaa kufuta kitu ambacho hakikuwa kimekamilika. Kukamata gari lenyewe kungeuma zaidi.

Wapo wanaolalamika kwamba kifungu kinamtwika mzazi mzigo wa kujitetea, kwa kuwa mahakama hudhani aliridhia. Lalamiko hilo halina uzito mkubwa: ufunguo ulilala wapi usiku ule, mwenye nyumba ndiye anayejua, na sheria inamwacha huru akithibitisha kwamba hakuwa na habari au kwamba alichukua tahadhari zote zipasazo. Lenye uzito ni la faini. Rupia 25,000 humfilisi mwenye skuta moja ya kwendea kazini, ilhali mwenye Porsche hazisikii. Faini ingepaswa kukadiriwa kwa thamani ya chombo, na mtoto abaki mbele ya bodi ya haki za watoto.