Nani anatoa pointi? Kutoka Batouala mpaka Goncourt ya 2021



Mwaka jana tulikuwa watu 7 hapa Bukavu, wengi tumemaliza lisansi na tunangojea kazi, tukaanza kusoma riwaya pamoja. Kila mwezi kitabu kimoja, na mwisho kila mutu anatoa pointi juu ya 10, sawa vile profesa. Kitabu cha tatu kilikuwa Batouala ya René Maran. Mimi nikakipa 3. Nikasema: hii waliandika juu ya kufurahisha wazungu. Kuko ngoma, kuko pombe, kuko wanaume wawili wanagombania mwanamke mmoja, tena chini ya jina wameandika kwa Kifaransa kwamba ni riwaya ya kweli ya watu weusi. Dada mmoja aliyesoma sheria akakipa 8. Akaniuliza: wewe ulisoma utangulizi? Kumbe kopi yangu ya ku telefone ilikatwa, kurasa za mwanzo hazikuwamo.

Nilirudi nyumbani na haya, nikautafuta.

Maran alikuwa mutu mweusi, wazazi wake wa Guyane, yeye akakomalia Bordeaux. Alitumwa kama mtumishi wa utawala wa Kifaransa katika Oubangui-Chari, leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo tu ya mto ukisimama Zongo. Katika ule utangulizi anasema alitumia miaka 6 kuandika aliyoyasikia na kuyaona kule. Kisha anageukia wakubwa wake: vijiji vinaisha watu, njaa, kazi za nguvu, watawala walevi. Kitabu kilitoka 1921, na Desemba ya mwaka ule kikapata Goncourt, zawadi kubwa ya riwaya Ufaransa. Alikuwa mutu mweusi wa kwanza kuipata. Magazeti yakawaka moto. Kitabu kikakatazwa katika makoloni ya Afrika, na Maran mwishowe akaacha kazi ya utawala.

Ona sasa. Waliomsifu walisema: huyu ni shahidi, anawajua watu wake. Waliomchukia walisema: huyu ni mwongo, hana shukrani. Kati yao wote, wangapi waliuliza kama hadithi imejengeka vizuri? Mi niliyesoma agronomi naweza kusema jambo moja: namna anavyoonyesha pori linavyochomwa wakati wa kiangazi, upepo, moshi, wanyama wanaokimbia na wawindaji wanaongojea, iko sahihi. Huyu mutu aliangalia. Na mimi nilimpa 3 kwa sababu ya maneno ya ku jalada.

Tunajua hii mambo katika kahawa. Nikiwa stage, niliona kahawa ya Kivu inapewa pointi juu ya 100. Ikifika 80 inaingia katika daraja la juu. Wanaoonja wako na vijiko vyao, na kusema kweli wanajua kazi. Lakini wakulima wengi niliokutana nao hawajawahi kukaa kwa meza ile. Wanaletewa tu pointi.

Sasa twende 1968. Yambo Ouologuem wa Mali, kijana wa miaka 28, anatoa Le Devoir de violence kwa Seuil pale Paris na anapata zawadi ya Renaudot. Sifa mingi: tazama, Afrika halisi inaongea! Miaka 4 baadaye gazeti moja la Uingereza linaonyesha kwamba kuko vipande vinavyofanana sana na kitabu cha Graham Greene. Walishaona pia alama za André Schwarz-Bart. Kitabu kikaondolewa ku soko. Ouologuem akarudi kwao, akanyamaza, hakutoa tena riwaya mpaka alipokufa 2017. Mwaka uliofuata Seuil wakakichapa upya.

Simsafishi. Kunakili bila kusema ni kosa, sisi wote tuliandika TFC na tunajua. Lakini mbona anguko lilikuwa kubwa hivi? Mi naona ni kwa sababu walimpa pointi za uhalisi. Walitaka sauti ya kijijini, kumbe kijana alikuwa amesoma maktaba nzima ya Ulaya na kuichanganya na historia ya kwao. Ukimsifu mutu kwa kitu ambacho hakukiahidi, siku moja utamwazibu kwa kukikosa.

Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal alishika hadithi hiyo. Riwaya yake La plus secrète mémoire des hommes inamtafuta mwandishi mmoja Mwafrika, Elimane, aliyesifiwa Paris, akashitakiwa kwamba ameiba, akapotea. Aliitoa kwa heshima ya Ouologuem. Novemba 2021 ikapata Goncourt, miaka 100 baada ya Batouala. Sarr alikuwa na miaka 31. Na mara moja maneno yakaanza, hata kati yetu: wamempa juu ya kitabu, ao juu ya ile miaka 100? Ni lile swali la Maran limerudi na shati mpya. Kitu kimoja tu kimebadilika na mi nakifurahia: kitabu kilichapwa kwa pamoja na nyumba mbili, Philippe Rey wa Paris na Jimsaan wa Senegal.

Kundi letu bado tunatoa pointi, tulishindwa kuziacha, watu wanazipenda sana. Lakini sasa kila mutu anaandika kwanza sentensi mbili: nini nilijua juu ya nchi hii mbele ya kufungua kitabu, na kipi ndani ya kitabu kilinipinga. Batouala nilikisoma mara ya pili, nikakipa 7. Yule dada naye alishuka mpaka 7, anasema wanawake wa mule hawana nafasi ya kutosha, na ana haki.

Mwezi huu tunasoma Peponi, Kiswahili cha Paradise ya Abdulrazak Gurnah, huyu wa Nobel ya 2021. Kiswahili chake cha Zanzibar kinatusumbua kidogo. Tuko na kopi moja tu kwa watu 7, kama kuna mwenye ingine hapa mjini, aniandikie.