Mjusi-ndevu

Mjusi-ndevu (Pogona vitticeps) ni mtambaazi wa nyika kavu za Australia, anayefugwa majumbani katika nchi nyingi. Jina limetokana na ngozi ya koo, ambayo hutuna na kuwa nyeusi anapotishwa.

Makazi. Hufugwa peke yake, kwani madume hupigana. Kizimba cha sentimita 120 kwa 60 huwa na sehemu ya kuota joto la nyuzi 40 hivi na upande wa baridi wa nyuzi 25. Akikosa taa ya mionzi ya urujuanimno, mifupa hulainika.

Uzalishaji. Jike hupandishwa akishakomaa kabisa, kwa kuwa kutaga humpunguzia kalisi. Mayai yake, takriban 20, huatamizwa kwa nyuzi 28–30 kwa miezi miwili hivi. Joto likizidi nyuzi 32, viinitete vyenye kromosomu za kiume huweza kuwa majike.