Ulimi Usioonekana Pichani

Nimekulia Nyakalengija, wilayani Kasese, kwenye lango wanalopitia wageni wakienda kupanda Milima ya Rwenzori. Kwetu nyoka huuawa kwanza, maswali hufuata. Wengi huamini kuwa ulimi wake wenye ncha mbili ndio unaochoma na kutia sumu.

Nilipotembelea kituo cha kufugia nyoka karibu na Entebbe, niliazimia kumpiga picha chatu akitoa ulimi. Picha kumi za kwanza hazikuwa na ulimi hata moja. Mzee anayewatunza akacheka: "Usiogope, mwanangu, ananusa tu. Ngoja tumtoe kwenye mwanga." Akanieleza kwamba ulimi hukusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilichomo kwenye kaakaa. Juani nikabonyeza simu mfululizo, na katika picha nyingi, moja ikaunasa.

Zile picha kumi zilinikumbusha historia ya kwetu. Mwaka 1906 msafara wa Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia uliondoka Entebbe, ukapanda Rwenzori kwa bonde la Mubuku, yaani njia ya kwetu. Tarehe 18 Juni walifika kilele cha Margherita. Mpiga picha wao, Vittorio Sella, alituachia picha maarufu za barafu na vilele. Tangu 1878, huko Marekani, Eadweard Muybridge alikwisha kunasa miguu ya farasi anayekimbia, lakini kwa kamera nyingi zilizopangwa mstari, kwenye jua kali. Katika ukungu wa Rwenzori, kamera ilihitaji muda mrefu kupokea mwanga. Mlima ulitulia ukapigwa picha. Kinachokwenda mbio hakikusubiri.

Wabakonzo waliobeba mizigo msituni walikuwa katika mwendo siku nzima. Ningehukumu kwa picha za vilele peke yake, ningedhani Wazungu walifika huko wenyewe, kama vile mtu anayetazama picha zangu kumi angeapa kwamba chatu hana ulimi.

Kwa hiyo ninapokuta picha ya kale, siulizi tu inaonyesha nini. Nauliza pia ni nini hakikuweza kutulia mbele ya kamera. Jibu la swali hilo nalitafuta kwa wazee wa Nyakalengija, ambao babu zao walipanda mlima huo wakiwa na mizigo kichwani na mgongoni.