Meza ya Makindu

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa, baada ya kama kilomita 160 unafika mji mdogo wa Makindu. Kwa macho ya msafiri hautofautiani sana na Iguguno yetu: barabara kuu inapita, malori yameegeshwa, wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi. Lakini kando ya barabara hiyo ipo nyumba ya ibada ya Masingasinga, na kwa muda mrefu nyumba hiyo imewalisha wapita njia na kuwapa mahali pa kulala bila kuwadai hata senti. Nilipata nafasi ya kuitembelea siku moja, na mzee mmoja wa pale akanizungusha toka asubuhi mpaka alasiri. Wapendwa, niliyoyaona yalinigusa kama Mkristo, ndiyo maana nayaandika.

Historia yake inaanzia relini. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria, mahali tunapopaita leo Kisumu. Waingereza walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao watu wa Punjab, na Masingasinga walikuwamo. Karibu 2,500 hawakurudi kwao. Walikufa kwa magonjwa na ajali. Mwaka 1898 simba wala watu waliingia kambi ya Tsavo, na mmoja wa waliovutwa hemani usiku alikuwa Ungan Singh, mnyapara wa Kisingasinga. Makindu ilikuwa moja ya vituo vya reli hiyo. Masingasinga waliofanya kazi pale walikusanyika kumwomba Mungu, na mwaka 1926 wakajenga hekalu lao, ambalo wao huliita gurdwara.

Dini yao ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539. Martin Luther alizaliwa mwaka 1483. Basi watu hawa wawili waliishi wakati mmoja bila kujuana, mmoja Punjab na mwingine Ujerumani. Guru Nanak alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba mbele zake hakuna mtu wa tabaka la juu wala la chini. Katika nchi ambayo watu wa matabaka mbalimbali hawakula pamoja, aliwaketisha wote chini, mstari mmoja, chakula kimoja. Jiko hilo la wote linaitwa langar. Mapokeo yao yanasimulia kwamba hata mfalme mkuu Akbar, alipotaka kumwona Guru wa tatu, Amar Das, alitakiwa kwanza kuketi na kula pamoja na watu wa kawaida. Mwaka 1577 Guru wa nne, Ram Das, aliweka msingi wa mji wao mtakatifu, Amritsar. Hekalu lake kuu liko katikati ya bwawa, na lina milango pande zote nne, kuonyesha kwamba watu wa kila upande wanakaribishwa.

Jiko la Makindu ni mtoto wa jiko hilo. Tulivua viatu, tukanawa mikono, tukafunika vichwa kwa vitambaa. Tumbaku na pombe haviruhusiwi kuingia. Ndani ya ukumbi nilionyeshwa kitabu chao, Guru Granth Sahib, kimewekwa juu chini ya chandarua. Hakuna sanamu. Wenyeji waliinama mbele ya kitabu. Mimi niliketi kwa heshima, na hakuna aliyenilazimisha zaidi ya hapo. Kisha tukaenda kula: chapati, dengu, wali na chai. Upande wangu wa kulia alikuwapo dereva wa lori, na wa kushoto mama mwenye mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeulizwa dini wala kabila.

Nikamwuliza mwenyeji wangu, "Mzee wangu, mnamtambuaje mwenye shida kweli na anayekuja kula bure tu?"

Akajibu, "Hatuulizi, Mchungaji. Tukianza kuuliza, tutamfukuza na mwenye njaa."

Nilinyamaza, maana nilikumbuka usiku mmoja katika usharika niliokuwa nikiuhudumia miaka ya nyuma. Basi liliharibika jirani na kanisa. Abiria walilala barabarani kwenye baridi, watoto wakilia. Ufunguo wa kanisa ulikuwa mfukoni mwangu. Niliwaza habari za vipaza sauti na viti vipya, nikaenda kulala. Asubuhi niliongoza sala kama kawaida.

Wapo watakaoniuliza kama sasa nasema dini zote ni sawa. Sisemi hivyo. Nakiri kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa imani katika Yesu Kristo, wala si kwa sahani za dengu. Lakini Luther huyohuyo alifundisha kwamba imani iliyo hai haiwezi kukaa bila matendo mema. Na Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakumtaja kuhani. Alimtaja Msamaria, mtu wa ibada nyingine, aliyesimama njiani wakati watu wa hekalu walipita kando. Usiku ule mimi nilikuwa upande wa kuhani. Tuliopokea bure, tunawezaje kuwa wachoyo kuliko wengine?

Iguguno iko kwenye barabara inayotoka Singida kwenda Nzega na kuendelea mpaka Mwanza. Mabasi yanapita kwetu mchana na usiku, na mengine yatatuharibikia hapa. Hatuhitaji kusubiri fedha za jengo. Kuna mikeka, kuna sufuria za Umoja wa Wanawake, kuna unga wa uwele na mtama katika sadaka za mavuno. Wazee wawili wa zamu wakishika ufunguo, na jirani mmoja akikubali kuamshwa ili akoroge uji, kazi imeanza.

Makindu walianza wakiwa wachache, ugenini, mbali na kwao. Sisi tuko nyumbani. Bwana atupe moyo wa kuamka tutakaposikia hodi.