Seli Haigawanyiki, Hujigawa

Imeenea katika vitabu na vipeperushi vyetu fasili isemayo kuwa saratani ni mgawanyiko wa haraka wa seli. Waliopitisha neno hilo "mgawanyiko" bila shaka walikuwa na kamusi mezani. Sarufi sidhani kama ilialikwa kikaoni. Kugawanyika ni kauli ya kutendeka, ndugu wa kuvunjika na kupasuka. Kikombe kimevunjika: aliyekivunja hatajwi, na pengine hayupo. Chama kimegawanyika: kilikuwa kizima, sasa ni vipande, na kila kipande ni pungufu ya kile cha mwanzo. Seli ya mwili wa binadamu haina habari na mambo hayo. Hukua kwanza, hunakili DNA yake yote, hukagua nakala, kisha hupanga kromosomu zake 46, zote zikiwa zimekwisha kunakiliwa, katikati yake na kuvuta seti moja kamili kila upande. Seli mbili zinazotoka, kila moja ina 46 zake. Hakuna kilichopungua, na kazi yote imefanywa na seli yenyewe. Kitenzi chake tunacho: kujigawa.

Nitaambiwa kwamba wazungu nao husema "division". Hapo ndipo wafasiri wetu walipoteleza. Nomino ya Kilatini waliyoirithi wazungu hao haisemi kama kitu kimegawa, kimegawanywa au kimejigawa. Kitenzi cha Kiswahili hakina budi kusema, na aliyechagua -ika amekwisha kusema, apende asipende. Tena Walther Flemming, aliyelitunga jina la tendo hilo, mitosisi, mwaka 1882, hakulichukua kutoka neno lolote la kugawa, bali kutoka "mitos", uzi kwa Kigiriki, kwa sababu nyuzi ndizo alizoziona kwenye hadubini. Rudolf Virchow alikuwa ameshatangaza mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka katika seli. Aliyetenda yumo katika kauli hiyo. Katika "mgawanyiko" ametoweka.

Na katika saratani, mtendaji ndiye kiini cha habari. Seli yenye afya hujigawa inapoamriwa, na hukoma inapokatazwa. Mojawapo ya protini zinazokataza, p53, huisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika ili ijirekebishe, au huiamuru ife. Jeni yake imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Katika limfoma aliyoieleza Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, kwa kawaida jeni ya MYC imehama kutoka kromosomu ya 8 hadi ya 14, ikaangukia mahali ambapo haizimwi, na seli ikabaki inajiamuru kujigawa mfululizo. Dawa ya saratani iitwayo vinkristini, itokanayo na mmea wenye asili ya Madagaska, huzifungia kazi nyuzi zinazovuta kromosomu: humzuia mtendaji akiwa kazini. Hata neno "haraka" la fasili ile ni kosa, kwani seli za utumbo na za uboho hujigawa upesi kuliko seli za saratani nyingi. Tofauti ni kutokoma.

Wako wanaolalamika kuwa kujigawa kunaipa seli nia. Basi nao wakatae kusema mlango umejifunga na maji yamejikusanya bondeni. Kiambishi -ji- kinadai chanzo cha tendo kiwe ndani, akili hakiidai. Wengine, waliopendekeza kuzaana, wangefikiri kwanza: seli inazaana na nani? Pingamizi lenye uzito ni moja tu, kwamba istilahi inahitaji nomino, na "ujigawaji" unakwaruza sikio. Unakwaruza kweli. Lakini nani alisema nomino lazima ianze na u-? Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliijenga siasa ya nchi nzima juu ya kitenzi-jina, Kujitegemea, wala hakuna aliyedai "ujitegemeaji". Kilichoibeba siasa ya taifa hakitashindwa na seli.

Kwa matumizi, basi: seli hujigawa, imejigawa, kujigawa kwa seli, saratani ni kujigawa kwa seli kusikokoma. Wahariri wa vitabu vya biolojia wabadilishe katika chapa zijazo, na mgawanyiko waachiwe makatibu wa vyama.